Usanifu kwa wote kwa watoto wenye ulemavu: maswali yanayorudi kila mara

Haya ni maswali ambayo walimu, wazazi, mafundi na wajumbe wa kamati za shule huwa wanauliza, mengine nimeulizwa mpaka nimechoka kujibu moja moja ndo maana nimeyaweka sehemu moja. Ukikuta jibu linakutuma kwenye swali lingine we nenda tu, sitarudia kitu mara mbili.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Usanifu kwa wote ndo nini hasa?

Ni kupanga kitu, iwe jengo, kitabu, somo, mchezo au programu ya simu, ili watu wengi iwezekanavyo wakitumie kama kilivyo, bila kuja kukikarabati baadaye kwa ajili ya fulani. Neno lenyewe lilienezwa na Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio akiwa mtoto na akawa anatumia kiti cha magurudumu, yaani milango aliyokuwa anaiongelea ni ile ile iliyokuwa inamshinda yeye kupita. Mwaka 1997 yeye na wenzake wakatoa kanuni 7 ambazo mpaka leo ndo watu wanazitumia, nimezieleza kwenye swali la 5.

Afu ikaingia kwenye sheria za kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kufanya kazi Mei 2008, unaitaja na kuieleza kwenye ibara ya 2. Kwahiyo mtu akikwambia haya ni mambo ya hisani, mwambie nchi yoyote iliyoridhia mkataba ule ina wajibu, sio hisani.

2. Kwani si ndo rampu?

Hapana bwana. Rampu, yaani ile njia ya mteremko badala ya ngazi, inatoka vizuri kwenye picha ndo maana kila mtu anaikimbilia. Lakini shule inaweza kuwa na rampu safi kabisa na humo ndani mtoto kiziwi akakaa mwaka mzima haambulii kitu, au mtoto mwenye usonji akawa anakimbia bwalo kila siku sababu kelele zinampasua kichwa. Usanifu kwa wote unagusa jengo, ndio, lakini pia unagusa namna mwalimu anavyoongea, maandishi ya ubaoni, mtihani, ratiba, mpira wa kuchezea, hata namna ya kuita majina asubuhi.

3. Sasa tofauti yake na vifaa saidizi au msaada wa mtoto mmoja mmoja ni ipi?

Hapa ndo watu wengi wanachanganya, na ukichanganya hapa utaharibu huko mbele kote.

Usanifu kwa wote unafanyika kabla hujamjua mtoto. Unajenga mlango mpana sababu unajua siku moja atakuja mtu anayeuhitaji. Msaada wa mtoto mmoja mmoja unakuja ukishamjua: huyu anahitaji dakika za ziada, huyu anahitaji karatasi yenye maandishi makubwa, huyu dawati lake lipandishwe kidogo. Na vifaa saidizi ni vya mtoto mwenyewe, shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia), fimbo nyeupe, magongo, kiti chake cha magurudumu.

Hivi vitatu vinategemeana. Kiti cha magurudumu bila mlango mpana kinabaki nje. Mlango mpana bila kiti, mtoto anabaki nyumbani. Na ule mkataba umesema wazi kwamba usanifu kwa wote usije ukatumika kama sababu ya kuwanyima watu vifaa saidizi wanavyohitaji, kwahiyo mkuu wa shule akikwambia "sisi tumeshajenga kwa ajili ya wote, hatutoi tena msaada wa mtu mmoja" hapo anajitetea tu.

4. Shuleni kwetu hamna mtoto mwenye ulemavu. Kwanini tuhangaike?

Una uhakika hamna? UNICEF mwaka 2021 ilikadiria kwamba duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, yaani kama mtoto 1 kati ya 10. Shule yenye watoto 300 isiyo na hata mmoja, basi ama hamjawaona ama wameshindwa kufika.

Wasioonekana ni wengi. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni anaitwa mzembe. Anayesikia nusu nusu anaitwa mkaidi. Asiyeweza kushika herufi kichwani anaambiwa ana akili nzito, na yule mwenye kifafa wazazi wamenyamaza kwa kuogopa maneno ya watu. Kuna seti ya maswali iliyotolewa 2016 na UNICEF na kundi la watakwimu linaloitwa Washington Group, uzuri wake ni kwamba hayaulizi "mtoto ana ulemavu?", yanauliza anapata ugumu kiasi gani kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea, kueleweka akiongea, kukumbuka, kutulia kwenye jambo, kupata marafiki. Mzazi ambaye angejibu "hapana" kwenye swali la kwanza anajikuta anaeleza mambo mengi kwenye haya mengine.

Na wale walioshindwa kufika, wengi hawafiki sababu ya jengo lenyewe. Unasubiri waje ndo ujenge, wao wanasubiri ujenge ndo waje.

5. Hizo kanuni 7 ni zipi, na lazima nizikariri?

Kukariri hapana, kuzielewa ndio. Nitazisema kwa lugha ya shuleni.

Ya kwanza, watu wote watumie kitu kile kile bila mmoja kubaguliwa, mfano mlango mmoja wa kuingilia, sio wengine mbele na wengine kwa nyuma karibu na jalala (hii nimeiona kwa macho yangu, na rampu ilikuwa nzuri tu, ila ilikuwa kwa nyuma). Ya pili, kuwe na njia zaidi ya moja ya kukitumia, ndo mkasi unaokata kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Ya tatu, kieleweke haraka bila maelezo marefu. Ya nne, taarifa ifike kwa zaidi ya mlango mmoja wa fahamu, kengele ya kuisha kipindi ilie na taa iwake. Ya tano, mtu akikosea asiumie na asipoteze kila kitu, kwa mtoto hii ni kubwa sana maana mtoto kazi yake ni kukosea. Ya sita, isihitaji nguvu nyingi, bomba la kusukuma kwa kiwiko linashinda la kuzungusha. Ya saba, kuwe na nafasi ya kutosha kufikia na kutumia, uwe umekaa, umesimama, mrefu au mfupi.

Ukiangalia vizuri utaona zote zinamfaa mtoto yeyote. Mtoto wa miaka 5 asiye na ulemavu wowote naye hafikii kitasa kilichowekwa kwa kipimo cha mtu mzima.

## Majengo, vyoo na uwanja

6. Rampu iwe na mteremko gani?

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda unaenda sentimita 12 mbele. Hicho ni kiwango cha mwisho cha ukali, sio cha kukitamani. Mtoto anayejisukuma mwenyewe kwa mikono midogo atafurahia zaidi 1 kwa 20.

Fanya hesabu kabla fundi hajamwaga zege. Kama sakafu iko juu sentimita 45, kwa 1 kwa 12 unahitaji rampu ya mita 5.4, na kwa 1 kwa 20 ni mita 9. Fundi akikwambia mita 2 zinatosha anakujengea ubao wa kuteleza, na hizo nimeziona nyingi kuliko rampu zenyewe. Rampu ikiwa ndefu weka sehemu tambarare ya kupumzikia katikati, kila inapopanda kama sentimita 75. Juu mlangoni pia pawe tambarare, mtoto hawezi kushika kitasa huku kiti kinarudi nyuma. Weka kingo pembeni magurudumu yasichomoke, na reli mbili za kushikilia, moja kama sentimita 90 kwa wakubwa na nyingine kati ya 60 na 70 kwa watoto. Uso wa rampu uwe na mkwaruzo, usiweke vigae vinavyong'aa halafu mvua ikinyesha mnashangaa.

Mlango unaofuata uache nafasi wazi isiyopungua sentimita 80, 90 ni bora zaidi. Kizingiti kiondoe. Kizingiti cha sentimita 3 tu kinaweza kuifanya rampu nzima iwe kazi bure.

7. Choo je?

Choo ndo swali lenyewe. Ukiniuliza shule ianze na nini kwa hela ndogo nitakwambia choo kabla ya rampu nyingine yoyote ya ziada, sababu mtoto akishindwa choo anaacha kunywa maji, afu anaacha kula asubuhi, mwisho anaacha kuja. Na hatakwambia. Mtoto gani wa miaka 11 atasimama mbele ya mwalimu aseme anajisaidia vibaya?

Vipimo kwanza. Ndani pawe na nafasi ya kiti kugeuka, duara la kama sentimita 150 kwa upana. Mlango ufunguke kwenda nje, maana ukifunguka kwa ndani unakula hiyo nafasi na mtoto akianguka nyuma yake hamuwezi kumfikia. Vishikizo viwe ukutani karibu na kiti cha choo na vifungwe kwa uimara, mtoto anavitegemea kwa uzito wake wote. Komeo liwe la kusogeza kirahisi, mtoto ajifungie mwenyewe, na mtu mzima aweze kulifungua kwa nje ikitokea dharura. Maji na sabuni vifikike akiwa amekaa. Pipa lenye mfuniko liwemo humo humo ndani, msichana aliyevunja ungo asilazimike kutoka na kitu mkononi kwenda kukitupa kwingine.

Faragha sasa. Wapo watoto wanaosaidiwa, lazima kuwe na nafasi ya msaidizi pia, na msaidizi awe mtu anayejulikana na mzazi kamkubali, na inapowezekana wa jinsia yake, sio yeyote aliyekuwa anapita. Mtoto aambiwe kinachofanyika kabla hakijafanyika. Haya ni ya usalama wake, watoto wenye ulemavu wanadhulumiwa zaidi na mara nyingi ni pale pale pa kusaidiwa.

Na jambo dogo ambalo linaniudhi kila nikitembelea shule: choo kimejengwa kikamilifu, alama ya kiti imechorwa mlangoni, afu kimefungwa kufuli na ndani kuna mifagio, ndoo na viti vibovu. Funguo anazo mtu mmoja na leo hajaja. Hicho kimeshakuwa stoo.

8. Darasa lenyewe nibadilishe nini?

Anza na kelele na mwanga, ni vitu watu hawavifikirii. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha, huo ni utulivu wa maktaba. Madarasa mengi yako mbali sana na hapo. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ngumu kinarudisha sauti mpaka maneno yanapandana, na shimesikio inakuza yote, sauti ya mwalimu na ya viti vinavyoburutwa. Vitu vya bei ndogo vinasaidia: vipande vya mpira kwenye miguu ya viti, nguo nene au mbao laini za matangazo ukutani, mlango unaofungika.

Mwanga: usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako, uso unakuwa kivuli na anayesoma midomo hapati kitu. Usiongee ukiangalia ubao. Mtoto mwenye ualbino au macho yanayoumizwa na mwanga mkaribishe mbele lakini mbali na jua, wengine wanawekwa mbele ndio, ila dirishani, na ndo inakuwa mbaya zaidi.

Rangi nazo usizitegemee peke yake. "Jibu maswali yenye rangi nyekundu" kwa mtoto asiyetofautisha nyekundu na kijani ni fumbo. Weka namba au alama pia.

9. Na uwanja wa kuchezea?

Njia ngumu na tambarare mpaka kwenye mchezo wenyewe, mchanga na kokoto vinameza magurudumu. Bembea moja iwe na mgongo na mkanda. Na uwepo ukimya kona fulani, kwa wanaochoshwa na vurugu.

Michezo yenyewe inaweza kupangwa pia. Goalball, ulioanza 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza uwezo wa kuona vitani, unatumia mpira wenye kengele ndani na wachezaji wote wanafungwa macho, kwahiyo anayeona na asiyeona wanakuwa sawa. Watoto wanaupenda balaa, na mara nyingi asiyeona ndo anakuwa fundi wao.

## Kufundisha na mitihani

10. Usanifu kwa wote kwenye kufundisha ukoje?

Hili wazo lilikuzwa na CAST, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1984. Waliona kwamba walikuwa wanahangaika kumrekebisha mtoto afanane na kitabu, wakageuza, wakaanza kurekebisha kitabu. Miongozo yao ina mambo matatu: njia nyingi za kumfanya mtoto avutiwe na aendelee, njia nyingi za kumfikishia somo, na njia nyingi za yeye kuonyesha alichoelewa. Toleo jipya, la 3.0, lilitoka 2024.

Mfano ndo unaeleweka haraka. Somo ni mzunguko wa maji. Unaeleza kwa mdomo, unachora, na una sufuria la maji ya moto lenye mfuniko ili waone mvuke ukigeuka matone na asiyeona aguse mfuniko ukishapoa kidogo. Mwisho wengine wanaandika, wengine wanachora na kuweka majina, mmoja anaeleza kwa lugha ya alama na mkalimani anatafsiri, wengine wanaigiza. Lengo lilikuwa waeleze maji yanavyozunguka, halikuwa waandike insha. Ukilijua lengo lako vizuri utashangaa ni masharti mangapi ulikuwa unayaongeza bila sababu.

11. Nina watoto kibao na niko peke yangu. Hayo yote nitayawezea wapi?

Hutayaweza yote, na anayekwambia uyafanye yote Jumatatu hajawahi kushika chaki. Chagua kikwazo kimoja kinachojirudia kila siku, kiondoe, kikishakuwa mazoea chukua kingine.

Kwangu mimi cha kwanza kingekuwa kusoma kwa sauti kila unachoandika ubaoni, na kuandika kila agizo unalolisema. Haikuongezei maandalizi hata dakika moja na inamgusa asiyeona, asiyesikia vizuri, anayesahau haraka, mgeni wa lugha, na yule aliyekuwa anachungulia nje. Cha pili ratiba ya siku yenye picha ukutani, mtoto mwenye usonji akijua kinachofuata anatulia, na wengine pia maswali ya "mwalimu tunatoka saa ngapi" yanapungua. Cha tatu ni kuwapa muda wa kufikiri kabla ya kumtaja wa kujibu. Hesabu mpaka 5 kimoyomoyo. Utaona mikono mipya.

Watoto wenyewe ni msaada pia, wakae wawili wawili na wabadilishane majukumu. Ila usimfanye mtoto mmoja kuwa yaya wa kudumu wa mwenzake, wote wawili wataumia.

12. Kumsomea mtoto mtihani au kumpa muda wa ziada si upendeleo?

Jiulize mtihani unapima nini. Kama unapima sayansi, kumsomea swali mtoto asiyeona hakumwongezei hata tone la sayansi, kunamwondolea ukuta uliokuwa kati yake na swali. Ni kama miwani, hamna anayesema mwenye miwani anaibia.

Lakini kama mtihani unapima uwezo wa kusoma maandishi, ukimsomea umefuta kile unachopima, hapo mpe maandishi makubwa, au nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa kuguswa na vidole), au muda, ila kusoma asome yeye. Na usisubiri siku ya mtihani ndo umletee msomaji au kompyuta kwa mara ya kwanza, njia atakayotumia kwenye mtihani awe ameshaizoea darasani.

13. Hii si ndo ile ya "huyu anajifunza kwa kuona, yule kwa kusikia"?

Siyo. Ile ya kuwagawa watoto kwa mitindo tafiti hazijaonyesha kwamba inawafanya wajifunze zaidi. Hapa humpachiki mtoto kibandiko, njia zote unaziweka mezani kwa wote na mtu mmoja anaweza kutumia tofauti leo na kesho. Rudi swali la 10.

## Vitabu, simu na kompyuta

14. Nikitengeneza nyenzo za dijitali nizingatie nini?

Kosa namba moja ni kupiga picha ukurasa wa kitabu na kuutuma kwenye grupu la wazazi. Programu inayosoma skrini ikikutana na picha inasema "picha" basi, imeishia hapo. Andika maandishi yawe maandishi, vichwa vya habari uviweke kama vichwa kwenye programu ya kuandikia na sio kukoza wino tu, na kila picha yenye maana iwe na maelezo mafupi.

Video ziwe na maandishi chini. Yale yanayojiandika yenyewe yapitie uyasahihishe, kwa Kiswahili yanatoaga vichekesho. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya kurasa za mtandaoni zitumike na wote, toleo la 2.2 la 2023, inataka tofauti ya wino na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1 kwenye maandishi ya kawaida, kwahiyo ile kijivu hafifu juu ya nyeupe mnayoiona ya kisasa iacheni. Na kitu chochote kisimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kinaweza kumletea mtu degedege.

Kwa kompyuta za Windows kuna NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo ni ya bure. Simu nyingi za kisasa zina msomaji wa skrini ndani yake tayari. Uwashe siku moja, funga macho, jaribu kufungua nyenzo yako mwenyewe. Dakika 10 zinatosha kukuaibisha, mimi zilitosha.

15. Siku hizi kuna sauti, nukta nundu bado za nini?

Kusikiliza hakukufundishi tahajia. Mtoto asiyeona aliyelelewa kwa sauti tu hajui sentensi inakatwa wapi wala neno linaandikwaje, na hisabati kwa sauti tupu ni mateso. Louis Braille aliitoa mfumo wake 1829 akiwa na miaka 20 tu, nukta 6, na bado ndo njia ya asiyeona kusoma na kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Vyote viwili vipewe nafasi.

Kuhusu hakimiliki watu wanaogopa kunakili kitabu kwenda nukta nundu au sauti. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kazi 2016, uliwekwa ili nchi wanachama ziruhusu nakala hizo kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na ziweze kuvuka mipaka. Angalieni kama nchi yenu imeingia.

16. Hatuna umeme wala intaneti.

Basi ruka swali la 14, mengine yote yanabaki. Kadi za picha, kamba iliyogundishwa kwenye ramani ili mipaka iguswe, mbegu za kuhesabia, penseli iliyozungushiwa kitambaa ishikike vizuri. Havihitaji chaji.

## Hela na watu

17. Gharama si kubwa sana?

Inategemea unaanza lini. Kwenye jengo jipya makadirio yanayotajwa sana ni kama asilimia 1 ya gharama yote au chini yake, maana mlango mpana na mwembamba unajengwa na fundi yule yule siku ile ile. Kubomoa baadaye ndo kunauma. Kwahiyo muda wa kuongea ni wakati wa michoro, ukishaona matofali yamefika umechelewa nusu.

Kwa jengo la zamani msiseme "hatuna hela ya kurekebisha shule nzima". Hamisheni darasa la mtoto liwe la chini. Hiyo ni bure, na bado kuna shule zinambeba mtoto mgongoni kupanda ghorofa kila asubuhi wakati darasa la chini lipo.

18. Wazazi wengine wanasema watoto wao watacheleweshwa.

Waalike waone kipindi kimoja. Vitu vya swali la 11 vinamsaidia na mtoto wao. Malalamiko mengi yanaisha hapo, yasiyoisha mara nyingi yanatokana na hofu ya ulemavu wenyewe, na hiyo inahitaji mazungumzo ya mtu na mtu, sio mkutano.

19. Tumuulize mtoto mwenyewe au wazazi wanatosha?

Muulizeni. Ibara ya 7 ya ule mkataba wa haki za watu wenye ulemavu (swali la 1) inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusema maoni yake kwenye mambo yanayomhusu, na kusaidiwa ili aweze kuyasema. Tembeeni naye kuanzia getini mpaka choo cha mwisho, mwende kwa mwendo wake, akuonyesheni anaposimama na anapozungukia. Mtoto asiyeongea anaonyesha kwa picha, kwa macho, kwa kukataa kuingia mahali. Kukataa nako ni jibu. Mtu mzima anayejifanya anakaa kwenye kiti cha magurudumu nusu saa haoni hata robo ya hayo.

## Kesi ngumu

20. Mahitaji ya watoto wawili yakigongana tufanyeje?

Yanagongana sana, na vitabu vingi vinalipita hili haraka. Mfano wa kale ni ukingo wa barabara. Ulipokatwa ili magurudumu yapite, asiyeona akapoteza alama aliyokuwa anaigusa kwa fimbo kujua barabara inaanzia hapa. Dawa ilishakuwepo, vigae vyenye vinundu alivyobuni Seiichi Miyake wa Japani na vikatandikwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, kwahiyo sasa unakata ukingo na unaweka vinundu hapo hapo.

Darasani ni hivyo hivyo. Mmoja anataka mwanga mkali, mwingine unamuumiza: taa ndogo ya dawati kwa mmoja, kofia au kiti cha kivulini kwa mwingine. Mmoja anatuliza mwili kwa kutoa sauti, mwenzake hawezi sauti: kona mbili tofauti na ratiba ya nani yuko wapi saa ngapi. Hamna fomula. Kitu kisichokubalika ni kumaliza ugomvi kwa kumtoa mmoja wao, na huwa anatolewa yule ambaye mzazi wake haongei sana.

21. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa au zaidi ya mmoja, hii itamtosha?

Peke yake hapana. Itapunguza vikwazo, lakini atahitaji mtu, vifaa na malengo yake mwenyewe (swali la 3). Kuwa darasani na wenzake bado kuna faida, ilimradi ana kazi ya kufanya pale na hajawekwa kama mgeni rasmi.

22. Mtoto kiziwi akae na wanaosikia hata kama hamna anayejua lugha ya alama?

Hapo mnamweka kwenye upweke na kuuita ujumuishi. Lugha ya alama ni lugha kamili, na ibara ya 24 ya mkataba ule ule inadai mtoto afundishwe kwa lugha na mazingira yanayomkuza zaidi, na utambulisho wa lugha wa jamii ya viziwi uheshimiwe. Ndo maana viziwi wengi wanatetea shule au madarasa ya lugha ya alama, na mimi naona wana hoja. Ikiwa yuko shule ya kawaida basi awe na mwalimu anayeijua vizuri, viziwi wenzake wa kuongea nao, na wanaosikia nao wafundishwe. Alama 10 za salamu hazitoshi kufundishia sehemu za mmea.

23. Moto ukitokea?

Lifti haitumiki, kwahiyo kila mtoto asiyeshuka ngazi lazima awe na mpango wake ulioandikwa: nani anamshusha, kwa kutumia kitu gani, kupitia wapi, na huyo mtu asipokuwepo nani anachukua nafasi. Kengele iambatane na taa, hata chooni, maana mtoto kiziwi akiwa peke yake mle ndani hana wa kumfuata. Taa imulike polepole kwa sababu niliyoitaja swali la 14.

Mazoezi ya kutoka wafanye wote. Kuna tabia ya kumwacha mwenye kiti cha magurudumu "asisumbuke, hili ni zoezi tu", matokeo yake siku ya kweli yeye na msaidizi wake ndo wanajaribu kwa mara ya kwanza. Mtoto mwenye usonji msikilizishe ile sauti mapema, kwanza kwa mbali, ajue inalia kwa muda gani na baada yake mnaenda wapi. Na fanyeni zoezi moja siku ambayo yule msaidizi hajaja kazini.